Kidogo Tu, Alhamdulillahi

Nimeambiwa nyinyi vijana mnaoingia kazi hii sasa mmepewa simu kubwa na viti vya kuzunguka. Hongereni. Mimi nilipewa kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, nikakikalia mpaka nikastaafu, kwa hivyo mkiniona natembea nimeinama upande msidhani ni uzee. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Sikusomea kilimo mimi. Nilichojifunza ni kupiga simu na kumsikiliza mtu, hasa pale anapokujibu vizuri kabisa na bado hajakwambia kitu. Hayo ndiyo niliyo nayo, chukueni.

Ofisi yetu ilikuwa Kuze, katika Mji wa Kale, ghorofa ya juu ya nyumba ya kale, na chini yetu kulikuwa na fundi wa kanzu. Kazi yetu ilikuwa kuwashauri wakulima wadogo wa Kwale na Kilifi wapande nini, na wapande lini. Jamaa zangu wa Kibokoni walinicheka sana. Walitaka kujua tangu lini mtu wa Mji wa Kale akamfundisha mwenzake kushika jembe. Niliwajibu kwamba mimi simfundishi mtu, inayofundisha ni kompyuta, mimi ni mdomo wake tu. Waliposikia hivyo walicheka zaidi.

Kwa asiyejua, modeli ya mazao ni shamba lililo ndani ya kompyuta. Unaipa habari za udongo, mvua, aina ya mbegu na siku ya kupanda, nayo inaotesha mahindi siku baada ya siku mpaka yakomae, kisha inakwambia utavuna kiasi gani. Ukiibadilishia siku ya kupanda, inaanza upya bila kulalamika. Hapo ndipo inapotofautiana na mkulima.

Aliyeitunza modeli yetu alikuwa Bwana Mutiso, mtu wa Machakos, mpole, mwenda kanisani, asiyekunywa chai ya tangawizi kwa sababu alisema inampigia kelele tumboni. Alikuwa akiipenda modeli ile kwa dhati. Ikikosea hakuikasirikia, aliitazama, akatikisa kichwa, akatafuta ni nani aliyeidanganya. Na kila mara alimpata, kwani kompyuta haijui kutunga uongo. Uongo inaletewa.

Mara ya kwanza ilipodanganywa, ilidanganywa na ngazi zetu wenyewe. Wakulima wengi walikuwa wakija mjini kwa shughuli zao, wakapitia ofisini kujiandikisha, na simu tuliyowaandikishia ilichukua mahali mtu aliposimama na kupaandika kuwa ndipo lilipo shamba lake. Hakuna aliyeligundua hilo. Kwa muda mrefu kompyuta ililima mahindi ya watu wote juu ya paa la fundi wa kanzu. Bwana Mutiso alipoligundua alisema kwamba kwa mujibu wa modeli mavuno ya pale hayakuwa mabaya. Fundi tulipomwambia aliuliza kama atapewa sehemu yake.

Somo hapo ni jepesi: mwulize mtu shamba lake liko wapi, halafu mwulize atafika saa ngapi akitoka hapo ulipo. Akikwambia ameshafika, rudia.

Kisha ilikuja habari ya salamu. Msimamizi mmoja alitoka makao makuu, akasema ujumbe wetu ni mrefu, salamu zinakula nafasi, zikatwe. Zikakatwa. Mkulima aliyezoea kusoma "Assalamu aleikum, habari za hapo, tunatumai nyote hamjambo" akapokea "PANDA SASA" kutoka kwa namba asiyoijua. Wengi waliamini ni matapeli. Mzee mmoja wa Msambweni alinipigia kuniuliza kama nami nimetapeliwa, na akanionya nisitume pesa. Msimu ule hakuna aliyepanda kwa ushauri wetu, na salamu zilirudishwa bila mtu kusema lolote.

Kuhusu nyani sitasema mengi. Modeli haiwajui. Wakulima waliniuliza mara kwa mara kama kompyuta imewahesabu, nami nikamfikishia Bwana Mutiso, naye kila mara alijibu kwamba modeli inachukulia hakuna nyani. Nilipowarudishia jibu hilo wakulima walisema basi waende wakaishi ndani ya modeli.

Sasa nije kwa Bi. Mishi, maana ni yeye aliyenifanya nikubali kuandika.

Bi. Mishi alikuwa mjane wa upande wa Kwale, mkulima wa mahindi, na mmoja wa watu niliowapigia simu tangu nianze kazi. Hatukuwa tumeonana, lakini alimjua mamangu kwa jina, aliyajua magoti ya mamangu na dawa za magoti yenyewe. Mazungumzo yetu yalianzia magotini siku zote. Shamba alilolima liliachwa na marehemu mumewe, na juu ya shamba hilo palikuwa na mzozo. Mwanawe Hamisi, aliyekuwa akifanya kazi bandarini na kuishi Kisauni, alipata mtu wa machimbo ya mawe. Mnayajua matofali yale ya mawe ya pwani yanayojengewa nyumba. Chini ya udongo wa Bi. Mishi mlikuwa na mawe hayo, na mtu wa machimbo aliyataka. Shamba likishachimbwa halirudi. Linabaki shimo la maji ya mvua na mbu. Hamisi hakuweza kulitoa bila mama kukubali, na mama hakuwa amekubali, wala hakuwa amekataa kwa sauti. Alikuwa akilima tu.

Modeli nayo ilihitaji kujua mavuno ya zamani. Bila hayo hujui kama shamba la ndani ya kompyuta linafanana na lile la nje. Basi nilipiga simu nikauliza: Msimu uliopita ulivuna magunia mangapi? Na watu wa Kwale wote, na wa Kilifi wote, mwaka wa mvua na mwaka wa jua, walinijibu jibu moja: "Kidogo tu, alhamdulillahi." Nikiwabana waseme idadi walitaja kitu cha kusikitisha. Nikampa Bwana Mutiso. Naye, mtu mwaminifu, akaipunguzia modeli rutuba ya udongo, akaipunguza tena, mpaka mahindi ya kompyuta yakawa kidogo tu kama ya watu.

Mimi mwenyewe sikushtuka. Ningeulizwa mshahara wangu ningejibu vivyo hivyo, na ningeulizwa nina wajukuu wangapi ningekohoa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Neema haitangazwi, jicho la watu lisije likaikuta barabarani.

Ikawa msimu mmoja modeli, ikishaamini kwamba udongo wa kule umechoka, ikatoa ushauri. Uliwafikia wengi, Bi. Mishi akiwemo. Ulisema, baada ya salamu, kwamba shamba lake halifai kwa mahindi. Ulisema kwa adabu sana, niliuandika mwenyewe.

Bi. Mishi hakuwa na miwani, na ujumbe alisomewa na Hamisi alipokuja kumtembelea.

Siku mbili tatu baadaye Hamisi alipanda ngazi zetu, kijana mrefu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea karibu na kreni. Hakuja na ugomvi. Alisema amefurahi kwamba wataalamu wameliona alilokuwa akilisema miaka yote, na sasa anachoomba ni kimoja: amlete mamake hapa ofisini, na Bwana Mutiso amwambie kwa mdomo wake kwamba lile shamba halina kitu. Akishasikia kwa mtaalamu atakubali. Mtu wa machimbo alikuwa akingoja jibu. Bwana Mutiso alimwambia amlete Jumatatu, kwani kwa alivyojua yeye ndio ulikuwa ukweli. Nikaiandika Jumatatu ile daftarini, maana sikuwa na la kuweka mezani.

Ijumaa ile mamangu alikuwa ameniambia nimlete Bwana Mutiso ale chakula cha mchana kwetu Kibokoni, kwa kuwa alisikia mtu huyo anakula mkate na soda ofisini na jambo hilo lilimkosesha usingizi. Tukafika, tukaketi, mamangu akatoka kumkaribisha. Alimwomba radhi. Alisema leo hatuna kitu, mgeni atusamehe, ni chakula kidogo tu cha kufungulia kinywa. Bwana Mutiso akajibu kwa upole kwamba kidogo kinatosha, na nikaona usoni mwake kwamba ametuhurumia.

Likaja sinia la pilau. Likafuatiwa na samaki wa kupaka, kachumbari, ndizi, maembe ya achari, na mkate wa kumimina kando kwa anayetaka. Mamangu aliomba radhi tena kwa kila sahani. Bwana Mutiso alikula, na alipokuwa katikati akaweka kijiko chini. Alilitazama sinia, akamtazama mamangu, akanitazama mimi. Nilidhani amepata mwiba wa samaki.

"Bi. Rukia," akaniambia, "hiki kidogo chenu ni kiasi gani?"

Nililitazama sinia lile nililolizoea tangu utotoni, na watu wote wa Kwale na Kilifi wakanijia masikioni kwa pamoja, na sauti zao za unyenyekevu. Nikamwambia nadhani tumeiua modeli kwa adabu. Mamangu akauliza kama chakula hakina chumvi.

Jumatatu tulikuwa na wasiwasi wote wawili. Shaka tulikuwa nayo, lakini shaka si mavuno. Kompyuta ilikuwa bado inasema shamba halina kitu, na Bwana Mutiso hakuwa mtu wa kusema kinyume chake bila kujua Bi. Mishi huvuna kiasi gani kweli. Na anayejua ni Bi. Mishi, ambaye hasemi.

Walifika kabla ya adhuhuri. Bi. Mishi alitangulia, mwembamba, leso mbili juu ya buibui, akishika ukuta. Nyuma yake alikuja Hamisi akihema, gunia begani, halikujaa lakini si gunia la kubebwa na mtu anayetaka kuongea. Alilibwaga karibu na meza yangu, vumbi likaruka. Bi. Mishi akaniomba radhi. Alisema hakupenda kuja mikono mitupu, kaniletea mahindi, si kitu, ya kuonja tu. Bwana Mutiso alilitazama gunia, nami nikamtazama Bwana Mutiso, na hakuna aliyecheka.

Tulianza na magoti. Hamisi aliyavumilia magoti kwa muda, kisha akamwomba Bwana Mutiso aseme. Bwana Mutiso hakusema. Alimwuliza Bi. Mishi, kwa heshima zote alizokuwa nazo, kama angeweza kutuambia hasa alivuna magunia mangapi.

"Kidogo tu, alhamdulillahi," akasema Bi. Mishi.

Hamisi akafungua viganja vyake kutuonyesha kwamba kesi imekwisha.

Nikamweleza Bi. Mishi, kama ninavyowaeleza nyinyi, kwamba neno hilo ndilo lililoipa kompyuta habari kwamba shamba ni bovu, na kwamba asiposema, sisi hatuna cha kumwambia mwanawe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimgeukia Hamisi, hakunigeukia mimi.

"Babako aliyataja," akamwambia. "Mbele ya watu, arusini kwa Mwanaidi, magunia yote, moja moja. Msimu wa pili hakuuona. Mimi sitaji. Wakitaka kuchimba, nawachimbe, lakini sitaji."

Hamisi aliinamisha kichwa. Nadhani hakuwa amewahi kuambiwa hilo. Sikuamini wala sikukanusha. Nilimwonea uchungu tu mama yule, aliyekuwa tayari kulipoteza shamba kuliko kulisema. Kompyuta ilikuwa ikivuma mezani. Bwana Mutiso alifunga kalamu yake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mtu wa kwetu hatakutajia neema, lakini shida atakumwagia zote kabla hujamaliza kuvua viatu. Nikaiacha habari ya magunia. Nikalalamika. Nikasema maisha yamekuwa magumu, na unga wa dukani sasa haushikiki, nyumbani kwetu tunaununua kama dhahabu. Bi. Mishi akaitikia, akanipa pole. Nikamwuliza yeye mwaka huu alianza kununua lini.

"Mimi?" akasema. "Unga? Sijanunua."

Nikamwuliza mwaka jana, ule wa jua kali.

"Mimi sinunui unga, mwanangu. Nitaununulia nini?" Akafikiri kidogo, kisha akamwuliza mwanawe, bila hila yoyote, kwa sababu kweli hakujua: "Kwani kwako Kisauni, mkeo Asha huununua wapi?"

Hamisi alikuwa akilitazama gunia. Ni yeye aliyelibeba kutoka steji ya matatu, akalivusha kwa feri, akalipandisha ngazi, ili aje asikie kwamba shamba halina kitu. Na nyumbani kwake, kila mamake alipokuja kuwatazama wajukuu, alikuja na jingine.

"Hatununui," akasema. Sauti yake ile ya bandarini ilikuwa imepotea. "Tangu nioe hatujanunua."

Hakuna aliyetaja gunia hata moja. Bwana Mutiso aliuliza tu, taratibu, nyumba ya Bi. Mishi ina watu wangapi, na ya Hamisi ina wangapi, na watoto wanakula vipi, na Hamisi ndiye aliyejibu yote. Bwana Mutiso akapiga hesabu, akaipiga tena. Akaigeuza kompyuta upande wake ili Bi. Mishi asione namba, jambo ambalo sikumfundisha, na nikampenda kwa hilo. Akasema shamba linafaa kwa mahindi. Akasema ushauri wa kwanza ulikuwa na makosa na anaomba radhi, na kwamba apande.

Bi. Mishi akamshukuru, akamwambia asijali, kwani alikuwa ameshapanda kabla ujumbe haujafika.

Hamisi alisimama. Nilidhani ataondoka, lakini alimwendea mamake, akamshika mkono wa kushukia ngazi, na akiwa mlangoni akasema, "Mama, yule mtu wa mawe nitamwambia basi." Bi. Mishi akamwuliza kama amekula.

Baada ya hapo tuliwapigia wakulima wote upya. Hatukuuliza magunia tena. Tuliuliza unga wa dukani ulianza kununuliwa mwezi gani, na kuku walilishwa nini, na harusi ya binti ilipikwa kwa mahindi ya nani. Modeli ikapata udongo wake. Haikuwa sawa siku zote hata hapo. Kuna msimu ilitabiri mvua ya kupandia na ikaja ya kuoshea vumbi tu, na nililaumiwa mimi kwa kuwa namba yangu ndiyo waliyokuwa nayo. Lakini ilikuwa ikikosea kwa makosa yake yenyewe, na hayo Bwana Mutiso aliweza kuyarekebisha.

Nyinyi sasa mna picha za kutoka angani, na mnaona shamba likigeuka kijani mkiwa mmekaa. Ni jambo zuri. Lakini picha ile haioni kilichopelekwa Kisauni. Kwa hiyo pigeni simu. Anzeni na magoti ya mamake mtu. Lalamikeni kwanza nyinyi, ili mwenzenu apate nafasi. Na mkiambiwa "kidogo tu", andikeni, lakini msiipe kompyuta mpaka mjue sinia lenyewe.

Bi. Mishi alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwaka mmoja kabla sijastaafu. Nilikwenda matangani, na njiani nilipita kando ya shamba nikaliona. Sikuuliza la nani sasa, maana matanga si mahali pa kuuliza. Machimbo ya jirani yalikuwa yamefika mpaka kwenye mpaka wake, kisha yamesimama.

Msimu wangu wa mwisho kazini niliipiga ile namba yake, kwa kuwa ilikuwa bado kwenye orodha na sikuwa na moyo wa kuifuta. Akapokea mwanamume. Alinisalimia kwa kirefu, akaniuliza hali ya mamangu na ya magoti, ndipo nikajua ni Hamisi. Aliniambia ameacha bandari, yuko shamba. Nikamwuliza, kama ilivyo kazi yangu, amevuna vipi.

"Kidogo tu, Bi. Rukia," akasema. "Alhamdulillahi."

Niliiondoa simu sikioni kwanza nikafuta macho. Kisha nikamwuliza kama unga wa dukani umepanda bei huko kwao.

Akasema hajui.